Baiskeli ya umeme ya kukunja: kabla hujagusa spidi, kagua kwanza saizi ya tairi

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nina baiskeli ya umeme ya kukunja, zile za tairi ndogo inchi 20, niliipata mtumba ikiwa imeshatumika Ulaya huko, betri volti 36. Siku ya kwanza natoka nayo Chumbageni naelekea Ngamiani najiona mtu kweli kweli, skrini inasoma 25, afu nasikia kengele nyuma, kring kring, mzee wa mikate na Phoenix yake, sanduku limefungwa kwenye keria kwa mpira, ananipita huku anapiga pedali taratibu wala hahemi. Akanigeukia: "Vipi kijana, umeme umekatika?"

Na hapa Tanga baiskeli sio kitu cha kushangaa, wamama wanaendesha na mabaibui yao, wanafunzi, watu wa samaki kutoka Deep Sea, kila mtu, kwahiyo ukipitwa unapitwa mbele ya watu wanaojua baiskeli ni nini.

Nikaenda nyumbani na hasira nikitaka kufungua spidi. Ushauri niliopewa na kila mtu ni mmoja tu, pandisha limiti, yaani ile spidi ambayo mota ikifika inakata, weka mwisho kabisa. Nikahangaika jioni mbili, kumbe limiti haikuwa na shida yoyote. Aliyekuwa nayo kabla yangu, au aliyeniuzia, sijui nani kati yao, alikuwa ameiandikia baiskeli kwamba ina tairi la inchi 26. Sasa hii mashine haina macho, haioni tairi, inachohesabu ni gurudumu limezunguka mara ngapi afu inazidisha na ukubwa wa tairi ulioiambia. Ukiidanganya kwamba tairi ni kubwa, inaamini umeenda mbali kuliko ulivyoenda. Yaani yangu ilikuwa inadhani iko 25 inakata moto, kumbe barabarani niko 19 hivi. Mzee wa mikate ana haki.

Kwahiyo huu mwongozo naupanga kwa mpangilio huo huo, ukweli wa skrini kwanza, spidi baadae. Ukiruka hapo mwanzo utakuwa unarekebisha uongo.

Hatua ya 1: piga picha kila kitu

Ingia kwenye menyu kabla hujabadilisha hata namba moja. Nyingi ya hizi baiskeli za kukunja zina skrini ndogo ya mstatili yenye batani tatu pembeni, kujumlisha, kutoa, na ya kuwashia au ya M katikati. Kwenye zile za aina ya S866, ambazo zimejaa sana, unawasha afu unabana kujumlisha na kutoa kwa pamoja sekunde mbili tatu, inatokea P01, yaani setingi ya kwanza, kila setingi ina P yake na namba. Nyingine unabana M peke yake. Kama hakuna kinachotokea jaribu baiskeli ikiwa imesimama kabisa, kuna skrini zinakataa kufungua menyu gurudumu likizunguka.

Ukishaingia pita P moja baada ya nyingine, na kila moja ipige picha na simu, P01, P02, mpaka mwisho. Usione uvivu. Hizi namba ukizivuruga na hukumbuki zilikuwa ngapi hamna fundi wa mtaani atakayekusaidia, atakuangalia tu halafu atakuuliza kama unataka kuziba pancha.

Maelezo yote yanayofuata ni ya mpangilio wa S866. Skrini yako ikiwa ya aina nyingine vitu ni vile vile ila namba za P zinaweza kukaa tofauti, kwahiyo tafuta kitabu chake au angalia thamani yenyewe. Ukiona P imeandikwa 36 au 48 hiyo ni volti, ukiona 16, 20 au 26 hiyo huenda ni tairi, ukiona 25 au 32 huenda ndo limiti, ila hakikisha kwanza.

Hatua ya 2: kilomita au maili?

Hii fupi. P02, 0 ni kilomita, 1 ni maili. Jamaa yangu mmoja wa Makorora alikuwa analalamika mwezi mzima baiskeli yake haivuki 15, imetoka Uingereza, na kule sheria inaruhusu mota kusaidia mpaka maili 15.5 kwa saa, ambayo ndo kilomita 25 hizo hizo. Alikuwa anaenda vizuri tu siku zote, roho ndo ilikuwa inamuuma bure.

Hatua ya 3: pima tairi, usisome tairi

Hapa ndo penye moyo wa kazi yote. Ubavuni mwa tairi imeandikwa labda 20 x 1.75, lakini hiyo 20 ni jina tu, tairi lenyewe likijazwa upepo na kukaliwa na mtu linakuwa na kipimo chake. Fanya hivi. Jaza upepo vizuri. Tafuta sakafu bapa, mi nilitumia baraza. Geuza gurudumu la nyuma mpaka valvu iwe chini kabisa, piga alama ya chaki sakafuni hapo hapo. Kaa juu ya baiskeli, mtu akushikilie, maana bila uzito wako tairi halibonyei na kipimo kinadanganya kidogo. Isukumeni mbele moja kwa moja mpaka valvu irudi chini tena, piga alama ya pili. Pima kati ya alama na alama kwa futi ya fundi cherehani, kama ni fupi pima mara mbili.

Yangu ilitoka sentimita 156. Gawanya kwa 3.14 unapata karibu 49.7, huo ndo upana wa gurudumu kutoka huku mpaka huku. Gawanya tena kwa 2.54 upate inchi, inakuja 19.6. Basi P06 nikaandika 19.6, skrini hizi zinakubali desimali moja.

Tofauti ya 20 na 19.6 ni ndogo, kwa spidi ya 25 ni nusu kilomita tu, usiumize kichwa. Inayoumiza ni ile ya 26 kwa 20 kama yangu, au kinyume chake, na kinyume chake ndo hatari zaidi. Kuna watu wanafanya makusudi, wana tairi la 20 wanaiandikia 16 ili limiti ichelewe kukata, skrini inasoma 20 kumbe unaenda 25, inasoma 25 kumbe unaenda 31. Unajua spidi yako kwa hisia tu, na kilomita za jumla nazo zinasoma uongo, halafu ukija kuiuza unamuuzia mwenzio lile tatizo nililouziwa mimi.

Hatua ya 4: hakikisha na simu

Simu yoyote yenye GPS na programu ya kusoma spidi inatosha. Ifunge kwenye usukani kwa mpira au muweke mwenzio aendeshe nayo pembeni, usiende umeishika mkononi tafadhali. Tafuta barabara ndefu iliyonyooka isiyo na fujo. Mi huwa natumia ya Raskazone asubuhi na mapema, saa kumi na mbili na nusu hivi, wakimbiaji wawili watatu tu na upepo wa bahari. Ngamiani usijaribie, zile barabara za namba ni makutano kila baada ya hatua chache na kila makutano yana bajaji yenye haraka zake. Barabara ya Pongwe nayo hapana, malori ya saruji.

Nenda spidi moja kama dakika nzima, angalia simu na skrini. GPS inachelewa kidogo kwahiyo usisome wakati unaongeza mwendo, subiri itulie. Halafu geuza urudi, maana wakati wa kusi ukielekea upande mmoja unasukumwa na ukirudi unasukumana nao, na ukipima upande mmoja tu utadhani mota ni nzima au mbovu kumbe ni upepo.

Kama bado zinatofautiana, hesabu ni nyepesi: chukua P06 ya sasa, zidisha na spidi ya simu, gawanya kwa spidi ya skrini. Nilijaribu kwa zile namba zangu za mwanzo, 26 mara 19 gawanya 25, inatoka 19.8, jirani kabisa na chaki yangu.

Ikiwa tofauti ni ya ajabu, skrini inasoma mara mbili, au nusu, au 80 wakati unaenda taratibu, hilo sio tairi, hiyo ni P07, idadi ya sumaku ambazo sensa ya spidi inazihesabu kila mzunguko. Zenye sumaku moja iliyofungwa kwenye spoku zinaandikwa 1. Zenye sensa ndani ya mota zina namba yake kubwa zaidi kutegemea mota. Rudi kwenye picha zako uirudishe ilivyokuwa.

Hatua ya 5: sasa ndo limiti

P08. Weka namba unayotaka kwa kilomita. Na hapa lazima niseme ukweli ambao watu hawaupendi, ukiandika 50 baiskeli haiendi 50. Mota ya kwenye gurudumu ina mwisho wake, na mwisho huo unategemea volti na jinsi ilivyosukwa waya ndani. Betri ya 36 ikijaa kabisa inasoma 42, ikikaribia kuisha inashuka mpaka thelathini na kitu, na mota inashuka nayo. Ndo maana asubuhi inakimbia na jioni inazubaa, setingi ni ile ile. Limiti inaweza kuzuia tu, haiwezi kuongeza kitu ambacho mota haina. Na kuna baiskeli limiti iko ndani ya kontrola yenyewe, kile kiboksi kinachoigawia mota umeme, hata uandike nini kwenye skrini haibadiliki. Nyingine kontrola yake ina kiwaya kilichojirudi chenyewe, mara nyingi cheupe, ukichomoa plagi yake inafunguka, ila usianze kuchomoachomoa waya usioujua kwa sababu tu ni mweupe.

Ngapi basi? Ulaya ni 25, Marekani zenye eksileta zinaishia maili 20 ambazo ni kilomita 32. Mimi yangu iko 25 na nikiwa mjini natumia 20, na sababu yangu sio uoga. Tairi la inchi 20 linaingia kwenye shimo ambalo Phoenix ya 28 inalipita juu juu. Usukani wake ni mrefu umesimama juu ya bawaba, ukitikisika unautikisa mwili mzima. Na breki. Kwenye 20, ile sekunde moja ya kushtuka kabla hujabana breki umeshaenda mita tano na nusu, kwenye 25 mita saba, kwenye 32 karibu tisa, hapo breki bado hata haijaguswa. Halafu ukishabana, toka 25 kwenda 32 nguvu ya kuizuia inaongezeka zaidi ya nusu. Mbuzi wa Mikanjuni hasubiri hesabu hizo.

Kuna na betri. Upepo ndo unaokula chaji, na ukitoka 20 kwenda 25 nguvu ya kuukata upepo inakaribia kuwa mara mbili. Betri yangu ni ndogo, 7.8 Ah, nilienda nayo Amboni mapangoni na kurudi, njia ni kama kilomita nane kwenda tu. Safari ya kwanza nikabana mwisho, 25 muda wote, nikarudi taa moja inapepesa nikipita Chuda. Safari ya pili nikashusha 20 nikarudi na taa mbili zimebaki na tofauti ya muda ni ya kunywa kikombe cha kahawa.

Hatua ya 6: viwango vya msaada

Ile 1 mpaka 3 au 1 mpaka 5 unayobonyeza ukiwa njiani. P05 inachagua ngazi tatu au tano. Chagua tano kama inakubali, hatua zinakuwa ndogo ndogo na mota haikurushi. Mtu mzima anayeanza muweke ngazi ya 1 siku mbili tatu, hata kama anakwambia yeye kaendesha toka enzi za shule. Bibi yangu mdogo wa Msambweni aliruka moja kwa moja kwenye 4, pedali nusu mzunguko tu baiskeli ikamtoka, akashuka akasema "hii ina jini, ifungeni."

Hilo la kumtoka lina dawa yake, ziko mbili. P11 ni sensa ya pedali inavyoshtuka haraka, P12 ni nguvu ya kuanzia. Skrini nyingi P12 inaenda 0 mpaka 5. Ishushe iwe 1 au 2 uone, utapenda mwenyewe hasa kwenye foleni ya kuingia sokoni. Badilisha moja, jaribu, ndo uguse nyingine, ukibadilisha zote kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia.

Hatua ya 7: eksileta na watoto

P10, 0 ni pedali tu, 1 ni eksileta tu, 2 ni zote. P09 ndo watu hawaijui na kwangu mimi ndo muhimu kuliko hata limiti: ukiweka 0 eksileta inafanya kazi baiskeli ikiwa imesimama, ukiweka 1 inasubiri gurudumu lianze kuzunguka kwanza. Weka 1. Nilikuwa nimeiegesha kwa shangazi na stendi, nimeiacha inawaka nasalimia watu, mpwa wangu wa miaka minne akazungusha mkono wa eksileta, baiskeli ikaruka yenyewe kama imetumwa ikaenda kuangusha beseni la mihogo iliyomenywa. Mtoto mzima, namshukuru Mungu. Mihogo nililipa.

P17 kama ipo ni ya kushika spidi yenyewe bila kubana eksileta. Zima. Hii sio barabara kuu ya Arusha.

Usiguse

P03 ni volti, ukibadilisha taa za betri zinasoma ujinga. P14 ni ampea za kontrola na najua kuna mtu ameshakwambia ukiipandisha baiskeli inakuwa simba. Kweli inavuta zaidi ukianza, afu kontrola inachemka ndani ya fremu isiyopata hewa, na betri ndogo hizi ulinzi wake unakata umeme wote katikati ya barabara. P15 ni volti ya chini kabisa ambayo baiskeli inazima ili betri isife. Ukiishusha upate kilomita moja ya nyongeza leo unaipunguzia betri umri wake.

Kuhifadhi, na kujaribu breki

Ukimaliza bana tena zile batani au M mpaka irudi skrini ya kawaida, afu zima, washa, ingia ukague kama namba zimekaa. Kuna skrini ukizima ghafla bila kutoka kwenye menyu zinasahau kila kitu.

Halafu kabla hujatoka getini, inua gurudumu lenye mota, zungusha pedali kwa mkono mpaka mota ishike, bana breki ya kushoto. Mota inatakiwa ikate hapo hapo. Rudia na ya kulia. Ikiwa haikati, swichi ya kwenye mkono wa breki imekufa au imechomoka, na hapo spidi uliyoiweka haina maana, irudishe chini mpaka utengeneze. Kagua na lachi ya katikati ya fremu na ile ya usukani, zikifungwa zisicheze hata kidogo, yenye alenki kaza, maana ukiongeza mwendo ndo zinaanza kulegea.

Na kama siku nyingine ukaikunja, ukaikunjua, skrini ikasoma 0 wakati unaenda, usirudi kwenye menyu. Angalia waya unaopita kwenye bawaba na ile plagi ya duara ya mota karibu na gurudumu la nyuma. Ina vishale viwili na mstari, vishale vielekeane na uisukume mpaka ifike kwenye mstari. Chumvi ya bahari inazila hizi plagi taratibu, hasa mliopo Sahare na Raskazone, ukiona kijani ndani safisha na spirei ya kusafishia plagi za umeme wacha ikauke. Mafuta ya nazi usipake, kuna mtu kapaka, na sasa hivi siafu wamehamia kwenye mota yake.